Kumsomea Mtoto Mchanga

Maneno yetu ya leo yawaelekea hasa jamaa wa Shinyanga na Geita, katika nchi ya dhahabu, toka Kakola mpaka Nyarugusu. Twataka kunena juu ya jambo dogo lipasalo kufanywa kila siku, nalo ni kumsomea kitabu mtoto mchanga.

Huenda mtu akacheka, akauliza, "Asiyejua hata kutambaa atasomewaje?" Jawabu ni hili: sikio la mtoto huanza kazi kabla hajazaliwa. Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Marekani walieleza jaribio lao. Waja wazito walisoma hadithi moja kwa sauti kila siku katika majuma sita ya mwisho. Watoto walipozaliwa, walionyesha kwa kunyonya kwao kwamba waipendelea hadithi ile kuliko wasiyopata kuisikia. Tena ubongo hukua upesi mno katika miaka mitatu ya kwanza, na maneno asemeshwayo mtoto huusaidia sana.

Zamani Wasukuma walikaa shikome, penye moto wa jioni, wazee wakawafundisha vijana kwa hadithi. Siku hizi baba yumo shimoni, mama yuko penye karasha au sokoni, na jioni wote wamechoka. Mara nyingi maneno apatayo mtoto ni "njoo", "kaa" na "nyamaza". Kisha huingia darasa la kwanza, akafundishwa kwa Kiswahili, na kitabu kwake ni kitu kigeni. Hapo ndipo hasara ionekanapo.

Basi tufanyeje? Robo saa yatosha. Mpakate mtoto, mfunulie kitabu chenye picha, mwonyeshe kwa kidole: huyu ng'ombe, huu mtumbwi. Someni Kiswahili, kisha elezeni kwa Kisukuma, Kisumbwa au Kizinza; lugha mbili hazimdhuru mtoto. Asiyejua kusoma na asimulie picha. Akikitafuna kitabu, msimpige. Ndivyo ajuavyo vitu vyote. Akitaka hadithi ile ile tena na tena, mpeni, kwa kuwa hujifunza kwa kurudiarudia.

Nanyi wanafunzi, kazi hii ni yenu pia. Wasomeeni wadogo zenu, na kusoma kwenu kutazidi kuwa kwepesi. Vitabu vya Kiswahili vya watoto vipo. Tangu 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umesaidia vitungwe na kuchapwa. Kimoja chaweza kuzunguka nyumba kumi, kikitunzwa.

Mgodi wa kale wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Katika miaka ile yote kati yake, aliyejua kusoma hakunyang'anywa elimu yake. Yatupasa kuwapa watoto mali ya namna hiyo mapema. Anzeni leo jioni, kabla taa haijazimwa. Kwaherini.