Viongozi Hupita, Ofisi Ibaki

Mada iliyotolewa na mwanachama mstaafu katika mkutano mkuu wa mwaka, Tunduma

 

Nimeombwa nieleze ombi moja lililomo katika bajeti ya mwaka huu: kwamba sehemu ya harambee iende kumlipa meneja wa umoja wetu wa wastaafu. Tangu bajeti isomwe nimesikia minong'ono. Watu wanasema, "Mabati nitachangia, madawati nitachangia. Mshahara wa mtu? Hapana." Ni hoja ya haki na inastahili kujibiwa.

Kwanza tukumbushane sisi ni akina nani. Umoja huu una walimu, wauguzi, watu wa forodha, askari, watumishi wa halmashauri, na wazee wa TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kuvuka mpaka hapa hapa Tunduma. Utumishi wa umma unatutoa tukifika miaka 60, au 55 kwa hiari, kisha tunarudi nyumbani. Umoja ndio unaotushika baada ya hapo. Unatembelea mgonjwa, unasimamia msiba, unakopesha kidogo, unamkumbusha mzee wa pembezoni kwamba muda wa uhakiki wa pensheni umefika, na una vyumba vya kupangisha vinavyoingiza kodi kila mwezi. Hizo ni fedha na ni haki za watu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

KWA NINI VIONGOZI WETU HAWADUMU

Wapo wanaodhani tunabadilisha viongozi kila mara kwa sababu tunagombana. Magombano yapo, hatukatai, lakini sababu kubwa ni umri. Klabu ya vijana ikichagua mwenyekiti anaweza kukaa miaka kumi. Sisi tunamchagua mtu ana miaka 66. Baada ya miaka miwili presha imepanda, au macho yamepungua, au mwanawe wa Dodoma amempigia simu aende akatibiwe huko. Mama aliyekuwa mweka hazina anaitwa na binti yake aliyejifungua, anasema anakwenda miezi mitatu, anakaa miaka miwili. Mwingine Mungu anamchukua. Hakuna wa kulaumiwa hapo. Hakuna katiba itakayozuia kiongozi mzee kuumwa, kuhama au kufa. Tunachoweza kuzuia ni kimoja tu, kwamba akiondoka asiondoke na ofisi.

Leo ofisi yetu iko wapi? Iko kwenye begi la katibu na kwenye simu ya mweka hazina. Tuliangalie hilo kwa undani, maana ndipo hasara inapoanzia.

Laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha mtu mmoja. Kama michango inapokelewa kwenye laini ya mweka hazina, basi kwa macho ya kampuni ya simu fedha hizo ni zake. Akifariki, chama kinabaki kuongea na mirathi ya familia iliyo katika majonzi. Akaunti ya benki nayo ina watia saini. Mmoja akihama na mwingine akilazwa, hundi haitoki. Inabidi uitishwe mkutano, uandikwe muhtasari, zitafutwe barua na picha, na wakati huo kuna msiba unaosubiri rambirambi. Daftari la mikopo likiwa nyumbani kwa mtu, linaweza kunyeshewa mvua, au watoto wakachana kurasa. Halafu kuna yale ambayo hayakuandikwa popote: nani aliahidiwa kulipa kodi kwa awamu, fundi gani alipewa malipo ya awali, jirani gani tulikubaliana naye kuhusu mpaka wa kiwanja. Hayo yako kichwani mwa mtu, naye akienda yanakwenda naye. Kiongozi mpya anaanza upya, na mpangaji mjanja anamwambia, "Mwenyekiti wa zamani alinisamehe miezi minne." Atabisha kwa ushahidi gani?

JAMBO HILI SI GENI KWETU

Wengine wanaona meneja ni mambo ya mashirika makubwa ya mjini. Lakini kila kijiji cha mkoa huu wa Songwe kina mwenyekiti na kina mtendaji. Mwenyekiti tunamchagua, kama tulivyofanya 2014, 2019 na 2024. Mtendaji ameajiriwa. Wenyeviti wakibadilika wote siku moja, mafaili, mihuri na vitabu vya stakabadhi havihami. Na wakulima wa kahawa wa Mbozi wanajua kwamba katika chama cha msingi bodi hutoa uamuzi, na katibu meneja hukaa ofisini kuhakikisha mzani, daftari na malipo vinakwenda. Tunaomba mpango huo huo kwa wastaafu.

FUNZO LA KILIMANJARO

Lakini nisije nikawauzia dawa bila kuwaambia madhara yake. Kuajiri meneja peke yake hakutoshi, na historia ya nchi yetu inalo funzo.

Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Kilifanya kazi kubwa, lakini baadaye kiliingia katika misukosuko ya uongozi na fedha. Mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikiwa na meneja wa kuajiriwa, Mwingereza A. L. B. Bennett, aliyedumu katika kazi hiyo kwa muda mrefu. Chama kikapata vitabu vilivyonyooka na maghala. Kwa upande wa ofisi, tatizo lilikuwa limekwisha.

Hata hivyo, mwaka 1937 wakulima wenyewe, wenye chama, waliinuka na kushambulia maghala ya chama hicho. Kwa nini? Bei ilikuwa imeshuka, na walilazimishwa kuuza kahawa yao kupitia chama tu. Lakini kubwa zaidi, wengi wao waliona kwamba ofisi haiwasikilizi wao, inasikiliza serikali ya kikoloni. Vitabu vilikuwa sawa, ila mwenye mali hakujua vinasema nini.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tuna mashimo mawili njiani. La kwanza ni chama kinachotegemea mtu mmoja mwenye begi. La pili ni chama chenye ofisi nzuri ambayo wanachama wanaiona kama ya mgeni. Tukikimbia la kwanza bila kuangalia tutatumbukia la pili.

MASHARTI TUNAYOPENDEKEZA

Kamati imekubali kwamba hatutaajiri mtu yeyote kabla mambo haya hayajaandikwa na kupitishwa na mkutano mkuu.

Moja, kazi yake ijulikane. Meneja atunze orodha ya wanachama, vitabu vya fedha, mikataba ya wapangaji na mafaili ya uhakiki, na ofisi ifunguliwe siku zinazojulikana. Asitunge sera na asigombee uongozi.

Mbili, asitie saini peke yake. Fedha zitoke kwa saini za viongozi wawili waliochaguliwa, na kuwe na mtia saini wa akiba ili ugonjwa wa mmoja usifunge akaunti. Michango ipokelewe kwenye akaunti yenye jina la umoja, isipite kwenye simu ya mtu, iwe ya meneja au ya mwenyekiti.

Tatu, taarifa isomwe. Kila miezi mitatu ukurasa mmoja wa mapato na matumizi usomwe mbele ya wanachama kwa Kiswahili cha kawaida na kubandikwa ukutani. Hapo ndipo tutakapoepuka yale ya 1937.

Nne, awe na bosi mmoja. Meneja apokee maagizo kutoka kwa kamati kupitia kwa mwenyekiti. Sisi wastaafu wengi tulikuwa wakuu wa idara na wakuu wa shule, na mazoea hayo hayaishi. Wazee kumi na wawili wakiingia ofisini kila mmoja na agizo lake, kijana huyo ataondoka kabla ya mwezi wa tatu.

Tano, makabidhiano yawe kwa maandishi. Kiongozi anayetoka na anayeingia wakae na meneja, wahesabu kila kitu, watie saini. Na meneja mwenyewe siku akiondoka afanye hivyo hivyo. Yeye naye ni mpita njia.

KIJANA NA WAZEE

Lipo swali ambalo wengi wanaliuliza pembeni. Kwa nini tusimwajiri mstaafu mwenzetu, mhasibu wa zamani, kwa posho kidogo? Jibu langu ni kwamba tutakuwa tumerudi pale pale. Tunatafuta mtu ambaye hayuko kwenye foleni ile ile ya presha na safari za matibabu. Wapo vijana wa mkoa huu, wa kike na wa kiume, wenye stashahada za uhasibu na ushirika, ambao leo wanauza vocha na kubadilisha kwacha mpakani.

Lakini hapo linaingia jambo la heshima. Kijana wa miaka 27 atamwambiaje babu yake, "Mzee, mkopo wako umechelewa miezi mitano"? Kwa mila zetu atanyamaza. Na akinyamaza, mfuko unakufa kwa adabu nzuri. Dawa yake ni kanuni isiyomchagua mtu. Barua ya kukumbusha itoke siku ile ile kwa kila aliyechelewa, kwa jina la kamati, ikiwa na saini ya mwenyekiti. Kijana aipeleke kwa mikono miwili, aamkie, asubiri jibu. Na mzee akikasirika, aje kwetu. Kamati isiposimama nyuma ya meneja siku hiyo, tusijisumbue kumwajiri.

Vile vile tusiajiri kwa undugu. Nafasi itangazwe, usaili ufanyike, na mjumbe mwenye ndugu kati ya waombaji atoke chumbani.

GHARAMA NA NJIA YA KUILIPA

Nitoe mfano wa hesabu. Tukimlipa meneja shilingi 400,000 kwa mwezi, na mchango wa mwajiri wa asilimia 10 kwenye NSSF, ni shilingi 440,000. Kwa mwaka ni 5,280,000. Kwa wanachama 150, kila mmoja angebeba 35,200 kwa mwaka, pungufu ya 3,000 kwa mwezi. Linganisheni na kodi ya mwezi mmoja ya chumba kimoja ambayo hakuna anayejua ilikwenda wapi.

Hilo la NSSF nalisisitiza. Humu ndani wamo watu ambao siku ya kustaafu waligundua kwamba waajiri wao hawakupeleka michango kwa miaka kadhaa. Walipanda na kushuka ofisi kwa ofisi, na wengine hawajamaliza hadi leo. Itakuwa aibu kubwa kama chama cha wastaafu, kati ya vyama vyote, kitamwajiri mtoto wa watu bila mkataba wa maandishi na bila kumwekea akiba ya uzee wake. Kama hatuwezi kumlipa kihalali, tusubiri hadi tuweze.

Tunachoomba kwenye harambee hakina nia ya kuwa mzigo wa kudumu. Mwaka wa kwanza harambee ilipe mshahara wote. Mwaka wa pili ilipe nusu, na nusu itoke kwenye ada na kodi za vyumba. Mwaka wa tatu umoja ujitegemee. Ikifika mwaka wa tatu kodi na marejesho hayajapanda kiasi cha kumlipa meneja, basi wanachama wawe huru kuifuta nafasi hiyo, nami nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Wanetu mlio mbali, najua mnapenda kutoa kwa kitu kinachoonekana. Darasa lina ukuta, mnaupiga picha mnawaonyesha wenzenu. Mshahara wa meneja hauna picha. Lakini mabati mliyochangia yana stakabadhi iliyo kwenye daftari la mtu fulani, na wengi wenu mmewahi kuuliza kwa simu, "Baba, zile fedha zilifanya nini?" mkajibiwa, "Muulize katibu, lakini katibu amehamia Mbeya." Anayetoa mshahara huu anapata jibu la swali hilo, mwaka huu na miaka ijayo.

Na ninyi pia, mnaofanya kazi leo, mtastaafu. Mtarudi hapa na begi na barua ya mwisho ya utumishi, na mtataka kukuta mlango ulio wazi na mtu anayejua faili lako liko rafu gani. Sisi wengine hatutakuwepo kuwapokea. Tuiache ofisi iwapokee.

Bahasha zenye maandishi "Ofisi ya Wastaafu" ziko mezani kwa mweka hazina. Kila anayetoa achukue stakabadhi yake, na asiondoke bila hiyo stakabadhi.