HESABU YA WAFU HUOKOA WALIO HAI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Leo nitazungumza juu ya pumu, na hasa juu ya hesabu ya wale wanaokufa kwa pumu. Mtu mmoja akifa kwa kukosa pumzi, jamaa husema ni kazi ya Mungu, nao huzika. Lakini wafu wakiandikwa daftarini mwaka baada ya mwaka, hesabu huanza kusema.

Sikilizeni habari ya Uingereza. Kwa miaka mingi vifo vya pumu huko havikubadilika sana. Kisha, tangu mwaka 1961 hivi, vikaanza kupanda. Kufika mwaka 1966, vifo vya watu wa umri wa miaka 5 hadi 34 vilikuwa kama mara tatu ya vile vya kwanza, na vya watoto wa miaka 10 hadi 14 kama mara saba. Je, wagonjwa walikuwa wameongezeka kiasi hicho? Madaktari hawakuona dalili hiyo. Basi wakaitazama dawa.

Miaka ile ile ilikuwa imeenea dawa ya kupuliza kinywani iitwayo isoprenalini. Aina moja ilikuwa kali mara tano kuliko ile ya kawaida, na mtu aliweza kuinunua dukani bila karatasi ya daktari. Mwaka 1967 madaktari wote walipelekewa onyo, na mwaka 1968 uuzaji huo wa dukani ukakatazwa. Vifo vikashuka. Marekani, ambako aina ile kali haikuuzwa, hakukutokea msiba wa namna hiyo.

New Zealand nayo ilipata msiba wa pili tangu mwaka 1976, mwaka ambao dawa nyingine, fenoteroli, iliingia huko. Wataalamu walibishana sana. Mwaka 1989 uchunguzi ulionyesha kwamba waliopewa dawa hiyo walikufa zaidi. Ikapunguzwa, na vifo vikashuka upesi.

Ndugu zangu, asitupe mtu dawa yake! Dawa ya kufungua kifua huokoa maisha wakati wa shida. Lakini haiponyi uvimbe ulio ndani ya mapafu. Kazi hiyo ni ya dawa nyingine ya kuvuta kila siku, iliyoanza kutumika mwaka 1972. Katika nchi zilizohesabu, vifo vya watu wa miaka 5 hadi 34 vilishuka kwa zaidi ya nusu kati ya 1993 na 2006. Baada ya hapo havikushuka tena. Na mwaka 2019 duniani walikufa watu kama 455,000 kwa pumu, wengi wao katika nchi zisizo tajiri, ambako dawa hiyo ya kila siku haipatikani kwa urahisi.

Sasa tujitazame sisi. Unga wa kinu, vumbi la mbao na rangi ya kupuliza magari huweza kumletea mtu pumu. Dalili yake ni hii: kifua hubana siku za kazi, na hupata nafuu siku za mapumziko. Akifa mtu huyo nyumbani usiku, nani atakayeandika kwamba alikuwa mtu wa kinu?

Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ya usalama na afya kazini yataka kamati mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Basi wajumbe wetu katika kamati hizo wawe na daftari. Waandike nani anabanwa kifua, anafanya kazi gani, tangu lini. Jina la mgonjwa lifichwe, ila hesabu isifichwe. Tajiri akisema, "Huyu ni mmoja tu," tumfungulie daftari.

Wale watoto wa Uingereza hawakurudi. Lakini kwa kuwa waliandikwa, wenzao waliokolewa. Nasi tuandike.