Sumu tunayoiita dawa

Kila Jumamosi asubuhi hupita chini ya dirisha la studio yetu hapa Shinyanga mjini kijana mmoja mwenye kipaza sauti begani. Maneno ameyarekodi, hayachoki wala hayapumziki: "Dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto!" Fundi mitambo wetu humlaani kwa sababu sauti ile huingia kwenye vipindi. Mimi wiki iliyopita nilishuka, nikanunua pakiti moja. Nikaigeuza huku na huku. Hapakuwa na jina la kiwanda, wala jina la sumu iliyomo, wala neno lolote la tahadhari. Nikamwuliza, "Mdogo wangu, hii ni dawa gani hasa?" Akanijibu, "Mzee wangu, ni ya panya. Akionja tu, habari yake imekwisha."

Nataka leo tulizungumze jibu hilo. Habari ya panya haijakwisha, na wala haielekei kwisha. Yupo kiumbe mwingine ambaye habari yake inakwisha kweli mbele ya macho yetu, na huyo hakuna aliyemkusudia. Namzungumzia nyuki.

Kwanza hebu tulitazame neno lenyewe. Kiswahili chetu kinaita dawa kile anachopewa mtoto mwenye homa, na kinaita dawa kile kinachomwagwa shambani kuua. Tunasema "kupiga dawa" pamba, kama vile tunaitibu. Nadhani neno hilo limetulevya kidogo. Sisi wa Shinyanga na Geita tukisikia neno sumu, mawazo yetu hukimbilia machimboni, kwenye zebaki na sayanaidi. Hatufikirii chupa iliyoko juu ya kabati, karibu na sukari.

Sasa tuanze na panya. Mwaka 1958 huko Scotland iligundulika kwamba panya wa mashambani wanakula sumu iitwayo warfarini na kuendelea na maisha yao. Sumu hiyo huzuia damu isigande, hivyo panya huvuja damu ndani kwa ndani mpaka afe. Wale wa Scotland hawakufa. Ilijulikana kwamba ukaidi huo unarithiwa, lakini jeni yenyewe ilikuja kupatikana mwaka 2004. Ni badiliko dogo katika jeni moja, na mzazi aliye nalo humrithisha mtoto. Kila unapomwaga sumu ya namna hiyo unawaua wasio na badiliko, na kuwaachia shamba wale walio nalo wazaane kwa nafasi. Mwaka 2011 watafiti wakaeleza jambo la kuchekesha zaidi: baadhi ya panya wa nyumbani wa Ujerumani na Hispania waliipata kinga hiyo kwa kuoa nje ya ukoo wao, kwa panya wa jamii nyingine wanaoitwa panya wa Algeria. Mahari ilikuwa kinga ya sumu!

Hapa kwetu adui mkubwa wa mahindi ni yule panya wa shamba mwenye chuchu nyingi. Mimba yake ni ya siku 23 hivi, na anaweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mpigo mmoja. Wataalamu hukadiria kwamba panya hutupunguzia kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi kila mwaka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, wamemfuatilia panya huyu kwa miaka mingi, hata vinasaba vyake. Wakagundua kwamba huyu tunayemwona mmoja, ndani ya Tanzania peke yake ana koo kadhaa, na kwamba sehemu za Gairo, kwenye njia ya kutoka Morogoro kwenda Dodoma, koo mbili zinapakana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kila ukoo una virusi vyake, ndugu wa vile vya homa ya Lassa ya Afrika Magharibi, ingawa hivi vya kwetu havijaonekana kuleta ugonjwa kwa watu. Ukivuka mpaka wa ukoo, virusi navyo vinabadilika.

Wataalamu haohao wamejaribu hata kuwapa panya chambo chenye dawa za kuzuia mimba. Mwenzangu mmoja hapa studio aliposikia hivyo alisema uzazi wa mpango umewashinda watu, sasa umehamia kwa panya. Mimi naona wana busara. Wamekubali kwamba huwezi kumshinda kiumbe usiyemjua, na kwamba kumwaga sumu bila kujua ni kumfundisha adui.

Upande wa nyuki mambo yamegeuka kabisa. Mwaka 2006 wanasayansi walipokamilisha kuzisoma jeni zote za nyuki wa asali, walikuta kwamba zile zinazotengeneza vimeng'enya vya kuvunja sumu mwilini ni kama nusu tu ya zile za mbu au za nzi wa matunda. Mbu ana akiba, nyuki hana. Kwa hiyo sumu ileile ambayo mdudu mharibifu huizoea baada ya misimu kadhaa, nyuki huangushwa nayo mara ya kwanza. Ndiyo kusema bomba letu linamchuja adui na kumwacha aliye sugu, na linamwua rafiki bila kumpa nafasi ya pili.

Haya nisingeyasoma kama yasingenikuta. Nina ekari tatu za pamba wilayani Kishapu, jirani na boma la baba yangu mdogo. Mimi ni mkulima wa simu, kama wengi wetu wenye kazi mjini. Mwezi Februari, pamba ikiwa imechanua, niliambiwa funza wa vitumba wameingia. Nikatuma fedha, nikawaambia vijana wapige dawa siku hiyohiyo. Wakapiga saa nne asubuhi, jua likiwaka vizuri. Sikuuliza ni dawa gani, wala saa ngapi. Niliuliza bei tu.

Jumapili yake nikaenda. Nikamkuta mzee amekaa chini ya mgunga, pembeni mwa ngitili. Nikamwamkia, "Mwadila, baba." Akaitikia, lakini hakuniinulia uso. Akanionyesha kwa fimbo. Chini ya mizinga yake tisa ya magogo palikuwa na nyuki wamelala kama makapi ya mpunga, ndimi zimewatoka. Wengine walikuwa wanazunguka kwa migongo, wakitetemeka. Akasema, "Mwanangu, wewe unasema redioni kila wiki. Mimi ulishindwa kuniambia neno moja?"

Sikuwa na jibu. Asali ya mizinga ile ndiyo iliyokuwa inunue sare na madaftari ya wajukuu wake wawili, na mimi nilikuwa nalijua hilo.

Ndugu wasikilizaji, nilikwenda kumwuliza bwana shamba nilipokosea. Ua la pamba hufunguka asubuhi na kufikia jioni limeshasinyaa. Kesho yake limegeuka rangi. Nyuki huja katikati ya hapo. Kupiga dawa saa nne asubuhi ni kuwamwagia wageni mezani. Isitoshe, mpamba hutoa utomvu mtamu hata nje ya ua, kwenye majani na kwenye vikonyo vinavyozunguka tumba, kwa hiyo nyuki wanaweza kuwamo shambani hata kabla halijachanua. Ukipiga jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani, dawa nyingi hukauka usiku na makali hupungua. Hupungua, siyo kwisha. Zipo nyingine ambazo hata jioni haisaidii, kwa sababu huingia katika maji ya mmea na kutokea kwenye chavua. Tatu za namna hiyo, imidaklopridi, klothianidini na thiamethoksamu, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mwaka 2018 zisitumike mashambani nje ya vitalu vilivyofunikwa, kwa ajili ya nyuki. Huku kwetu imidaklopridi imo katika dawa za dukani, na tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, hata mahindi ambayo zamani hayakupigwa chochote sasa yanapigwa.

Atasema mtu, pamba ndiyo fedha yetu, nyuki ni wa wazee wachache. Nami nilifikiri hivyo. Lakini mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Burkina Faso, nchi ya pamba kama sisi, ambako mimea ilifunikwa ili nyuki wasiifikie. Pamba ilipungua kwa wastani wa asilimia 37, na ufuta kwa asilimia 59. Yaani nilipowaua nyuki wa baba mdogo nilikuwa najipunguzia mavuno yangu mwenyewe, kwa fedha yangu mwenyewe. Na sijazungumzia alizeti.

Mkoa huu una historia ndefu ya kupigana na mdudu. Kuanzia miaka ya 1920 pori la Shinyanga lilifyekwa na maelfu ya watu ili kumwondoa mbung'o. Makao ya utafiti wa mbung'o yalikuwa hapahapa Shinyanga ya zamani, chini ya Mwingereza Swynnerton, aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Mbung'o aliondoka, na miti ikaondoka naye. Mashamba na mifugo vikamalizia iliyobaki. Mwalimu Nyerere alipokuja mwaka 1984 alistuka kuona nchi imekuwa kama jangwa, na mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ule tuliouita HASHI. Wakati ule ngitili zilizokuwa zikijulikana hazikuzidi hekta 600 hivi. Kufikia mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Miti ikarudi, na nyuki wakarudi bila kuitwa na mtu. Mgunga aliokuwa ameuegemea baba mdogo siku ile ni wa umri wa HASHI. Sasa sijui kama tulisubiri miaka yote ile nyuki wapate pa kukaa ili tuwapige bomba.

Siwaambii wakulima waache dawa. Ingawa hata hilo linawezekana kwa wengine: kule Meatu, ambayo ilikuwa ndani ya mkoa wetu mpaka Simiyu ilipoanzishwa mwaka 2012, wapo wakulima wanaolima pamba bila dawa za viwandani tangu mwaka 1994, wakipanda alizeti ili funza wavutwe huko. Lakini mkulima mwenye deni la mbegu na funza shambani hawezi kusubiri mahubiri. Ninachomwomba ni kwamba aende shambani ahesabu wadudu kabla ya kununua chupa, badala ya kupiga kwa kufuata kalenda. Apige jioni. Asome karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Na kama haina karatasi, asiinunue, maana nchi hii ina mamlaka ya kusajili viuatilifu, na kisichosajiliwa hakina ruhusa ya kuuzwa. Halafu amwambie jirani mwenye mizinga siku moja kabla. Hilo la mwisho halina gharama, ila ndilo gumu kuliko yote. Mizinga ya magogo iliyoko mtini haihamishwi kama kuku, lakini mwenye nyuki akijua mapema anaweza kuwawekea maji safi karibu na kuomba muda ubadilishwe.

Na halmashauri zetu? Maofisa nyuki wapo, na maofisa kilimo wapo, mara nyingi katika jengo moja. Sheria ya Ufugaji Nyuki tunayo tangu mwaka 2002. Ningependa siku moja nione orodha ya wenye mizinga imebandikwa pale wanapogawiwa dawa za pamba. Karatasi moja tu na gundi.

Msimu uliofuata nilikwenda kwa baba mdogo kabla sijapanda. Nilipeleka fedha za madaftari, akazipokea, ila aliniambia zile ni za watoto, za nyuki bado. Tukakubaliana kwamba hakuna bomba litakaloingia katika shamba langu kabla ya saa kumi na mbili jioni, na kwamba kijana wa kupiga atapitia kwake kwanza. Mwezi jana alinipigia simu yeye mwenyewe. Alisema mizinga minne kati ya ile tisa imeingiwa na nyuki wapya. Nikamwuliza, na hiyo mitano? Akasema, "Inanukia dawa yako bado. Nimeishusha, naichoma."