Udhibiti wa Joto katika Uchomeleaji wa Alumini: Ukanda Unaolegea Kando ya Mshono



Nimeombwa nizungumzie ubora wa viungo vya kuchomelea katika metali nyepesi. Mambo ya msingi sote tunayajua. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za selsiasi, ilhali utando wa oksidi unaoifunika huhitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Hidrojeni ya unyevu na grisi huacha vitundu ndani ya mshono. Ndiyo maana tunasafisha, tunakausha na kutumia argoni safi. Hapo sitakaa.

Ninaloomba tulitazame kwa kirefu ni ukanda ulio kando ya mshono. Chukueni aloi ya 6061 katika hali ya T6. Nguvu yake inatokana na vichembe vidogo mno vya magnesi na silikoni, vilivyojengeka ndani yake kwa kupashwa moto, kupozwa ghafla, kisha kuokwa kwa saa kadhaa. Joto la kuchomelea likipita, vichembe vya karibu na mshono huyeyukia ndani ya metali. Vya mbali kidogo hunenepa, hupungua idadi, na haviwezi tena kuikaza. Bati lililostahimili megapaskali 290 hivi, likishachomelewa, kanuni za Marekani huhesabu 165 tu.

Tazameni kipande kilichotoka kwenye mashine ya kuvuta. Mshono uko vilevile, mizunguko yake imelaliana kama sarafu. Bati ndilo lililokonda na kukatika, milimita chache pembeni. Hata hivyo fomu za ukaguzi zinauliza sura ya mshono tu, haziulizi joto la bati. Nimeliandika hili katika ripoti mwaka baada ya mwaka na, kwa heshima zote kwa wahusika, fomu ni zilezile.

Tabia inayoniumiza zaidi ni ya kupasha bati nene kwa moto wa gesi mpaka fundi aone limekubali. Alumini haiwi nyekundu ikipata moto, kwa hiyo jicho haliwezi kuwa kipimo. Kikomo cha kulipasha ni nyuzi 120, kwa muda usiozidi dakika 15.

Napendekeza, basi, kila karakana iwe na chaki ya kupimia joto. Tabaka moja lisiwekwe juu ya jingine kabla bati halijapoa. Mwendo uwe wa haraka, mshono uwe mwembamba. Inapowezekana, bati lichomelewe likiwa katika hali ya T4, yaani kabla ya kuokwa, kisha liokwe. Wasanifu wauweke mshono mbali na sehemu yenye mzigo mkubwa. Uchomeleaji wa kusugua na kukoroga, uliobuniwa na taasisi ya TWI ya Uingereza mwaka 1991, hauyeyushi metali na huacha punje ndogondogo. Ufundishwe, lakini tusidanganyane, T6 hulegea hata huko. Bati, narudia, lisipashwe bila kipimo. Na fomu ya ukaguzi iongezewe safu moja: joto la bati kabla ya kila tabaka, likiandikwa na fundi mwenyewe.