Somo la Tisa: Fundi na Mtihani Wake

Leo tutazungumza juu ya mtu mzima afanyaye kazi mchana kutwa, naye ana mtihani mbele yake. Fuateni maneno kwa kidole mnaposikiliza.

Tumtazame mwashi. Amejenga nyumba kwa miaka kumi, wala ukuta wake haujapata kupinda. Lakini akienda kuomba kazi kubwa huulizwa, "Cheti chako kiko wapi?" Hana. Basi hulipwa ujira wa kibarua, na kijana mwenye cheti huwa msimamizi wake. Mikono yake haina kosa. Kilichopungua ni karatasi.

Karatasi hiyo yapatikana. Nchini Kenya, NITA huwapima mafundi kwa madaraja matatu: la III ndilo la kuanzia, kisha la II, na la I ndilo la juu. Nchini Tanzania, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima hata mafundi waliojifunza kazini bila kupita chuoni. Katika kupimwa, fundi huonyesha kazi ya mikono, na tena huulizwa maswali. Hayo maswali ndiyo yamtiayo hofu mwashi wetu.

Je, asome wakati gani? Jioni hurudi amechoka. Akisema atasoma saa nne kila usiku, atasinzia juu ya kitabu, na siku ya tatu ataacha. Afadhali dakika 30, siku tano kwa wiki. Hesabuni pamoja nami: dakika 30 mara 5 ni dakika 150, yaani saa mbili na nusu. Kwa wiki 12 ni saa 30. Haba na haba hujaza kibaba.

Labda utauliza, "Kwa nini nisingoje wiki ya mwisho?" Mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alijipima kumbukumbu yake mwenyewe, akachapisha kitabu mwaka 1885. Aliona kwamba mtu husahau upesi sana katika saa za kwanza, halafu pole pole. Aliona pia kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku mbalimbali kwashinda kurudia mara nyingi siku moja. Kwa hiyo, ulilosoma leo, lirudie kesho, na tena baada ya juma.

Tena, ndugu msikilizaji, kazi yako yenyewe ni kitabu. Mwashi anajua kunyosha pembe ya msingi: hupima futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, na kamba ya kukatisha huwa futi 5. Mtihani waweza kumwuliza sababu. Naye ajibu: 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, jumla ni 25, nayo ni 5 mara 5. Kila ushikapo timazi au pimamaji, jiulize, "Chombo hiki kina kazi gani? Nikiulizwa, nitajibuje?" Usiku andika jibu kwa maneno yako.

Mambo matatu yasisahauliwe. Kwanza, uliza mapema ada ni kiasi gani, uweke akiba kila siku ya mshahara. Pili, omba ruhusa ya siku ya mtihani mapema. Tatu, waambie watu wa nyumbani saa yako ya kusoma, wakusaidie kuilinda. Na usiku wa kuamkia mtihani, lala.

Mazoezi. Andikeni majibu daftarini:

1. Zege ni ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, na 4 za kokoto. Ukitia saruji ndoo 3, utatia mchanga ndoo ngapi, na kokoto ngapi?

2. Andika dakika zako 30 zitakuwa saa ngapi, na siku zipi.

Swali la pili halina jibu katika kitabu cha mwalimu. Jibu lake unalo wewe. Kwaherini.