Kabla ya Kununua Ruta Nyingine

(Nakala ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi na wamiliki wa saiba, Bukura)

 

Kila ifikapo Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za KRA, saiba zetu hujaa. Intaneti inakwama, mteja anaondoka, na mwenye saiba anaambiwa anunue ruta mpya. Pengine hahitaji.

Ruta hupitisha data kwa vipande viitwavyo pakiti. Katika ruta ya bei nafuu, kichakataji kidogo hukagua kila pakiti. Laini ikiwa ya kasi, kichakataji hicho huchoka kabla ya laini kujaa. Ni kama lango la kiwanda cha sukari lenye karani mmoja anayeandika upya kila trela, hata zile za mkulima yuleyule.

Dawa ipo. Mwaka 2003 Linksys ilitoa msimbo wa ruta yake ya WRT54G, kwa kuwa ilitumia Linux, ambayo leseni yake inadai hivyo. Mwaka 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt, mfumo endeshi huria usiolipiwa. Toleo lake la 18.06, la mwaka 2018, lilileta njia ya mkato: pakiti za kwanza za mawasiliano hukaguliwa, kisha zinazofuata hupita haraka. Kwenye chipu ya MediaTek MT7621, iliyomo katika ruta nyingi za bei nafuu, kazi hiyo hufanywa na sehemu maalumu ya chipu yenyewe, na ruta hufikia karibu gigabiti 1 kwa sekunde.

Lakini pimeni kwanza. Unganisha kompyuta kwa kebo moja kwa moja kwenye kifaa cha laini, upime kasi. Kisha pima kwa kebo kupitia ruta. Tofauti ikiwa kubwa, tatizo ni ruta. Kasi ikiwa sawa, njia ya mkato haitakusaidia.

Tena ina gharama yake. Pakiti zinazopita mkato huo hukwepa foleni inayogawa intaneti kwa usawa. Kwa laini ndogo, mathalani megabiti 10, mtu mmoja anayepakua filamu anaweza kumkwamisha anayejaza fomu ya KUCCPS. Hapo ni heri kuizima njia ya mkato na kuwasha ugavi wa usawa.

Mambo matatu ya mwisho. Hakikisha modeli yako imo katika orodha ya OpenWrt, kwa sababu programu isiyo yake inaweza kuiua ruta. Ruta yenye megabaiti 4 za hifadhi na 32 za kumbukumbu haifai tena kwa matoleo ya sasa. Na ruta ya kampuni ya intaneti si yako. Usiiguse bila idhini.

Pima, uliza fundi, ndipo ufungue mfuko.