Kiambishi -ni na Majina ya Mitaa ya Mji wa Unguja



Inapotajwa turathi ya Mji Mkongwe wa Unguja, uliokuwa makao ya masultani wa Zanzibar, fikira huelekea kwenye mawe na chokaa: Ngome Kongwe, milango ya nakshi, na Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ilipokuwa ikikarabatiwa, na watu wawili wakafariki. Mawe, basi, hayatoshi kuwa kumbukumbu ya mji. Majina ya mitaa nayo yastahili kusomwa.

Mengi yana kiambishi -ni cha mahali. Forodhani ni penye forodha; Hamamni ni penye hamamu, ambayo jengo lake lingalipo. Darajani ni penye daraja. Lakini afikaye hapo leo hukuta soko na magari, haoni daraja wala maji. Hori la bahari lililoutenga mji wa mawe na upande wa mashariki lilifukiwa katika karne ya 20. Kiambishi kimebaki kikionyesha mahali pa kitu kisichokuwapo. (Mnazi Mmoja haukupata -ni, na sarufi yaeleza sababu: kivumishi kingefuata upatanisho wa mahali, “mmoja” ikawa “pamoja”, na maana ikapotea.)

Hata hivyo jina laweza pia kuficha. Mkunazini hukumbusha mti wa mkunazi. Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na ndipo Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, aliposimamia ujenzi wa kanisa kuu la Kianglikana. Mti umetajwa, waliouzwa hawakutajwa.

Jina zito kuliko yote ni Ng'ambo, nalo halina -ni. Hakuna ng'ambo pasipo mtu aliyesimama upande wa pili akitazama, na mtazamaji huyo alikuwa katika mji wa mawe. Wachukuzi, mafundi na watumwa walioachwa huru, waliojenga nyumba zao za udongo huko, waliitwa kwa macho ya wengine, kisha wakalichukua jina hilo likawa lao. Maji yamekwisha, mtazamo umebaki: mpaka wa turathi iliyoandikishwa mwaka 2000 wafuata kwa kiasi kikubwa mstari wa hori lililofukiwa.

Ilhali Ng'ambo ndiko alikoishi Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Mwaka huohuo mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, wasemaji wake wakiwa pande zote mbili za hori.